Mama Mtutu na Vidole vya Mkwewe

Mama Mtutu alikuwa fundi wa bunduki za upepo, zile za springi zinazokunjwa katikati ili zipate nguvu, na kazi hiyo ilikuwa imemla mwili kidogo kidogo. Kovu lililokatiza nyusi yake ya kushoto aliachiwa na springi iliyomponyoka siku baba yake alipokuwa akimfundisha. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Damu inamwingia jichoni, na baba mtu akamzaba kofi palepale kwenye jeraha kwa kosa la kulegeza koleo. Mzee alipofariki alimwachia karakana, jiriwa ya kubania vyuma na mkono mzito. Binti yake wa pekee alimlea kwa mkono huohuo, na hilo ni jambo ambalo hakupenda mtu amguse nalo.

Ndiyo maana binti alipotokea mlangoni asubuhi moja, jicho limevimba hadi limefumba, jino la mbele halipo, alama za mkanda zikimshuka shingoni, mama alimpisha tu apite. Binti akakaa chumba cha nyuma ya karakana siku kumi na moja, hali cha maana, hasemi na mtu. Mumewe, mpasua mbao mwenye kifua kama kabati, alituma watu mara mbili waje kueleza kwamba hayo ni mambo ya ndani, hasira za siku moja. Mama Mtutu aliwasikiliza, akawapa maji ya kunywa, akawaambia mtu atarudi akitaka mwenyewe. Mara ya tatu mkwe alipiga simu. Alisema akija yeye, hataondoka mikono mitupu.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa siku ya kuizoeza bunduki ya mwenye ghala la nafaka. Huyu bwana alikuwa na vita na panya, na alipenda kutania kwamba panya wake wakilisikia jina la Mama Mtutu wanaandika wosia. Bunduki yake ilikuwa kuukuu. Springi ilikuwa imekatika vipande viwili, na mpira wa pistoni umeliwa kama biskuti. Alikuwa amevibadilisha vyote. Lakini bunduki iliyotiwa springi mpya haikabidhiwi hivihivi. Lazima ipigwe risasi mia na zaidi, mpira ukae mahali pake na mafuta yaliyozidi yaungue. Risasi za mwanzo hutoa moshi na mlio wa kupasua masikio, kila moja inakwenda inakotaka, mpaka taratibu mlio unapungua na zinaanza kutua pamoja.

Alifanya kazi hiyo kwenye ujia kati ya karakana na chumba cha nyuma, akipiga sanduku lililoshindiliwa matambara, nyuma yake bamba la chuma. Kila risasi kumi alichora mstari wa chaki ukutani. Saa nne asubuhi alikuwa na mistari minane. Na mkono wake ulikuwa unapiga kwa ghadhabu, kila risasi akimwona mtu pale kwenye matambara. Hakujidanganya kuhusu hilo.

Alikuwa ameukunja mtutu, springi imekazwa, anataka kutia risasi, mkwe alipoingia. Hakubisha hodi. Alipiga teke mlango wa karakana hadi komeo likaruka, akapita akisukuma meza, misumari ikamwagika sakafuni.

"Mama, nipishe nimchukue mke wangu."

"Hatoki humu."

"Sitaki kukukosea adabu, mama."

"Umeshanikosea. Toka."

Mkwe akaikamata bunduki ampokonye. Aliikamata pale inapokunjikia, vidole vyake vinne vimeingia kwenye uwazi kati ya mtutu na mwili wa bunduki. Mama Mtutu aliviona. Alijua kwamba bunduki kuukuu kama ile haina kizuizi, kwamba ikifyatuliwa hali imekunjwa, mtutu hurudi juu kwa nguvu yote ya springi. Alikuwa na nafasi ya kuvuta pumzi moja, akaivuta. Kisha akafyatua.

Mtutu ulibamiza kama lango la chuma. Mkwe hakupiga kelele mara moja. Aliutazama mkono wake kama mtu anayetazama mkono wa mwingine, kidole kimoja kikining'inia kwa ngozi, halafu sauti ikamtoka kutoka tumboni. Kwa mkono wa kushoto akamtwanga mama mkwe taya, akamtwanga tena mbavuni alipokuwa anaanguka. Mama Mtutu akaangukia ukingo wa jiriwa na kusikia mfupa ukivunjika ndani yake. Teke likafuata, na jingine.

Hapo binti akatoka chumbani na nyundo mkononi.

Alimpiga mumewe begani, mfupa wa mtulinga ukavunjika. Akampiga mgongoni, mume akaenda chini. Binti akaendelea kupiga. Alikuwa ameibana midomo, na kila pigo lilitanguliwa na mkono kupanda juu polepole, kama anayepima. Mama yake, mdomo umejaa damu, akautambua ule mkono. Ndivyo mwenyewe alivyokuwa akiuinua.

Akajikokota, akamlalia juu yule mtu ambaye yeye mwenyewe alitoka kumvunja vidole. Nyundo iliyofuata ikamshukia yeye nyuma ya kiganja.

"Basi, mwanangu. Basi. Atakufa."

Binti akasimama, nyundo hewani. Kisha akaketi chini kwenye misumari na kutapika.

Majirani ndio walioita polisi. Askari aliyeandika maelezo alimwuliza Mama Mtutu kama bunduki ilijifyatukia yenyewe katika purukushani. Alimfungulia njia kabisa, akangoja kalamu mkononi. Mama alijibu kwa taya lililofungwa bandeji kwamba aliona vidole vilipo, akafyatua. Askari akaandika.

Mkwe alipoteza vidole viwili. Mahakama ilimfunga miaka mitatu kwa yale aliyomtendea mkewe na kwa kumvamia mama mkwe. Mama Mtutu alipewa kifungo cha nje, akafagia ua wa zahanati miezi sita kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa haukunji ngumi sawasawa. Binti hakushtakiwa, kwa kuwa alikuwa akimtetea mama yake.

Jioni moja, majeraha yangali mabichi, binti alipokuwa akimbadilishia mama yake bandeji, Mama Mtutu alilitoa lililomkaa kooni.

"Siku ile ulipokuwa unampiga, niliuona mkono wangu."

Binti hakuinua macho. "Hata mimi niliuona," alisema. "Naujua vizuri."

Mama aliomba radhi. Aliomba vibaya, kwa maneno yaliyokatikakatika, akitaja siku moja moja alizozikumbuka, ya kamba, ya kikombe kilichovunjika, na binti akamtajia nyingine ambazo yeye alikuwa amezisahau. Hawakukumbatiana.

Binti alipata kazi kwenye kiwanda cha nguo, akapanga chumba karibu na hapo. Jumapili alikuja kumsaidia mama yake kufua, wakifua bega kwa bega. Ilipita karibu miaka miwili kabla Mama Mtutu hajaweza kunyoosha mkono ghafla kuchukua sabuni, na binti yake asishtuke.