Steinvör, fundi anayewanyang'anya wafugaji majina ya kondoo wao

Saa tatu asubuhi. Nje bado ni giza, theluji inapiga vioo, na jikoni kwa bibi Hallbera Eyvindsdóttir kuna ugomvi.

"Sibadilishi," anasema Hallbera, mikono kiunoni. "Golsa ni jina zuri. Amenizalia mapacha miaka sita mfululizo. Hicho kiboksi chako kimenizalia nini?"

Aliyepiga magoti chini ya meza, tochi kati ya meno, ni Steinvör Hallsdóttir, mama wa miaka hamsini na minne. Anaitoa tochi mdomoni ndipo anajibu.

"Golsa ni kondoo wa maana sana, Hallbera mpenzi. Ubaya wake ni kwamba bonde zima linamjua."

Hilo ndilo jambo ambalo Steinvör amekuwa akipigana nalo tangu Agosti katika bonde la Mjóidalur, kaskazini mwa Aisilandi. Mtandao wa kasi ulipofika hapa, kila nyumba ilipewa ruta, kile kiboksi chenye taa kinachogawa mtandao bila waya, na kila mfugaji akaambiwa achague neno la siri. Bila hata kushauriana, karibu wote walichagua jina la kondoo wanayempenda.

Na hapa Mjóidalur mtu anaweza kusahau siku ya kuzaliwa ya mkwewe, lakini hasahau jina la kondoo wa jirani. Majina hayo hupigiwa kelele kila Septemba, makundi yakishuka kutoka milimani na kutenganishwa zizini mbele ya watu wote. Yaani walifunga mlango, kisha wakautangaza ufunguo.

Steinvör hakusomea kompyuta. Alifungasha nyama machinjioni kwa miaka kumi na saba, hadi mabega yakagoma. Ushirika wa wafugaji ulipotafuta mtu wa kusambaza nyaya, aliomba, akapata, na hakuondoka tena.

"Nilisoma vijitabu vya maelekezo vinavyokuja na boksi," anasema. "Vile ambavyo kila mtu huvitumia kuwashia moto."

Kwa kila nyumba ushirika humlipa krona elfu tisa, petroli humohumo. Majira ya baridi, gari likizama kwenye theluji, petroli hiyo hula sehemu kubwa ya pesa. Lakini nyumba hii ya Hallbera angeifanya hata bure, kwa sababu jioni ya leo ni karamu ya Þorri, na ndani yake kuna hatima ya mtu.

Karamu ya Þorri huzijaza kumbi za vijijini kila katikati ya baridi. Watu hula papa aliyevundikwa na kichwa cha kondoo, na kamati ya watani hupanda jukwaani kuwasema wote kwa mambo waliyofanya mwaka mzima. Hakuna anayesalimika, na atakayenuna ndiye atakayesemwa zaidi mwakani. Ni utani mzuri, na mara nyingi watu hutoka mbavu zikiuma.

Mwaka jana kamati ilivuka mpaka. Ormur, fundi wa matrekta na kinara wa watani, aliegesha gari barabarani karibu na shamba la Bersi Ketilsson. Akaandika jina la kondoo kiongozi wa Bersi, na mtandao ukafunguka. Ruta yenyewe ilikuwa na neno lilelile la kiwandani la kuingilia kwenye mipangilio, na kutoka hapo akafika mpaka kwenye kamera ya bandani, ile ambayo mfugaji huitazama kitandani wakati kondoo wanazaa.

Walichokinasa wakakionyesha ukumbini kwenye kitambaa kikubwa, wakiwa wamekitilia muziki wa kodiani. Bersi, mzee wa miaka sitini na sita, alikuwa akicheza dansi peke yake katikati ya kondoo. Mikono ameinyoosha, kama aliyemshika mtu kiunoni.

Ukumbi ulicheka. Halafu mmoja mmoja wakakumbuka kwamba Bersi alimzika mkewe, Álfrún, kiangazi kilichotangulia, na kwamba wawili hao walikuwa wakicheza hivyo kila mwaka ukumbini humo. Kicheko kilipokatika, Bersi alikuwa ameshafika mlangoni.

"Na mimi nilicheka," anasema Hallbera, akiangalia pembeni. "Sekunde moja hivi. Bado inaniuma."

Usiku uleule Bersi aliing'oa ruta ukutani, akazing'oa na kamera, akavitupa pipani. Mei ilipofika, kondoo zaidi ya mia mbili walizaa, na yeye akawa anakwenda na kurudi bandani usiku kucha mpaka miguu ikavimba. Alipoteza wanakondoo ambao mwaka mwingine angewaokoa. Kufikia Julai alikuwa amepata mnunuzi wa kundi lote.

Steinvör alipopata habari alipanda gari, hakusubiri kuitwa. "Niliendeshwa na hasira tu," anasema. "Mtu anauza kondoo wa babu yake kwa sababu ya utani?"

Alimkuta Bersi akinoa panga la nyasi.

"Kila mtu ameshaona," Bersi alimwambia bila kuinua uso. "Unafunga nini sasa?"

"Nafunga Mei ijayo."

Bersi aliliweka panga chini. Kisha akatoa sharti. Atawaweka kondoo hadi karamu ya Þorri. Akionekana tena kwenye kitambaa kile, lori la mnunuzi litakuja Jumatatu yake.

Siku hiyo Steinvör alifunga ruta mpya. Akabadilisha neno la kiwandani, akachagua kiwango kipya kabisa cha ulinzi, akazima kile kitufe kinachomwunganisha yeyote anayekibonyeza. Wageni wakapewa mtandao wao, wenye njia ya kwenda nje tu, na kamera zikapewa wa kwao. Neno la siri alilipata kwa kumfumbisha Bersi macho na kumfungulisha kamusi mara nne. Halafu akaanza kuzunguka bonde, nyumba kwa nyumba, akidai majina ya kondoo yarudi kwa kondoo.

Kwenye zizi la Septemba alimkabili Ormur mbele za watu. "Jaribu tena," akamwambia. "Una miezi mitano." Ormur akacheka na kumpa mkono.

Tundu likabaki moja. Bersi na Hallbera hulindiana zamu wakati wa kuzaa, kwa hiyo kamera ya Bersi huonekana pia kwenye televisheni ya jikoni hii. Bersi aliliomba hilo mwenyewe. Steinvör alikubali shingo upande, akiamini kwamba Hallbera atabadilisha neno lake wiki ileile. Hakumjua Hallbera vizuri.

"Sina cha kuficha," Hallbera anarudia asubuhi hii, akimimina kahawa. "Nina miaka sabini na minane. Anayetaka kuniona na aje, nimevaa sweta."

Steinvör amefungua ukurasa wa ruta kwenye simu, na uso wake umebadilika.

"Njoo uone. Hawa ndio waliounganishwa na nyumba yako sasa hivi. Hii ni simu yako. Hii televisheni, hii kamera ya bandani. Na huyu?"

Hallbera anavaa miwani. Anasoma polepole. "Simu... ya... Ormur."

Ormur ni mtoto wa kaka yake. Wote wawili wanageuka dirishani kwa pamoja. Kando ya barabara, taa zimezimwa, limesimama gari linalotoa moshi.

Hallbera anavuta mabuti, anachukua kikombe chake cha kahawa, anatoka kwenye theluji bila koti. Sauti yake inasikika mpaka jikoni.

"Wee Ormur! Shangazi yako mzima unanichungulia?"

"Si wewe shangazi! Wallahi sikuwa nakuchungulia wewe!"

"Ila nani?"

Taa za gari zinawaka. Hallbera anaelewa, na anakuwa mkali kuliko baridi yenyewe. "Ondoka hapa kabla sijakumwagia hii kahawa. Na sitaki kuimwaga, maana imepanda bei!"

Gari linaondoka likiteleza. Hallbera anarudi, theluji kichwani, anakaa kitini kwa kishindo.

"Leta hiyo kamusi yako."

"Bila kondoo?"

"Bila hata mbuzi! Nimesema lete."

Anafumba macho, kidole kinashuka mara nne. Maneno yaliyopatikana hatutayataja hapa, kwa sababu zinazoeleweka. Ni ya ajabu kiasi kwamba Hallbera anayacheka mwenyewe, na anasema hatayasahau hadi kaburini. Steinvör anabadilisha kila kitu, na simu ya Ormur haitaweza kuingia tena.

Lakini hacheki. Hajui Ormur amekuwa akija hapo kwa muda gani. "Kama aliingia jana na kumwona Bersi," anasema akikusanya vifaa, "nimefunga mlango mwizi akiwa ameshaondoka."

Jioni, ukumbi umejaa. Bersi ameketi karibu kabisa na mlango, koti halijavuliwa. Steinvör ana sahani ya nyama ya moshi mbele yake na hajaigusa.

Kitambaa kinashuka. Taa zinazimwa.

Picha inayotokea ni ya Ormur mwenyewe, ndani ya gari, kamasi zimeganda, akigonga simu kwa kidole kilichokufa ganzi. "Flekka!" anapiga kelele. "Kápa! Botna!" Anataja kondoo wa bonde zima, banda kwa banda, na kila jina linakataliwa. Kisha dirisha la gari linagongwa, na sauti ya Hallbera inalipuka ukumbini kuhusu bei ya kahawa.

Watu wanavunjika mbavu. Hallbera anasimama na kuinama mara mbili, kama malkia.

Ormur anapanda jukwaani, hana kikaragosi wala kofia ya utani. "Kwa shangazi niliingia, kwa jina la Golsa," anasema. "Asubuhi ya leo nilikuwa nimeanza kutafuta njia ya kwenda kwa Bersi, shangazi akanifukuza. Sikufika. Na nimeshukuru kwamba sikufika. Bersi, mwaka jana nilikukosea. Nisamehe."

Bersi anasimama, na watu walio karibu na mlango wanampisha, wakidhani anatoka.

Anakwenda mbele. Anatoa simu yake mfukoni, anamwita Steinvör amsaidie kuiunganisha na mashine ya picha, na kitambaa kinawaka. Ni banda lake, sasa hivi. Kondoo zaidi ya mia mbili wanatafuna majani makavu, na mmoja anaitazama kamera kama mkaguzi.

"Hawa hapa," anasema Bersi. "Ninawaonyesha mimi mwenyewe. Na hawauzwi."

Makofi yaliyopigwa yalitikisa sahani mezani. Steinvör alilia waziwazi, akapangusa uso kwa kitambaa cha meza. Kodiani ilipoanza, Bersi alivua koti, akanyoosha mikono, na kabla haijakaa mitupu Hallbera alikuwa ameshaingia mikononi mwake, na mabuti yake miguuni.

Mabonde mawili ya jirani yameshamwita Steinvör. Mpango wake ni kuyamaliza kabla theluji haijayeyuka, kwa sababu baada ya hapo hakuna mfugaji atakayekuwa na muda naye. Anapoulizwa anatumaini nini hasa, anafikiri huku akiikung'uta theluji kwenye kioo cha gari.

"Mei," anasema. "Kondoo wa kwanza wa Bersi atazaa usiku, lazima, ndiyo tabia yao. Nataka mtu wa kwanza kumwona awe Bersi."