Jicho la Sindano na Jicho la Baiskeli

Mwaka 1998, nikiwa na miaka hamsini na mbili, tundu la sindano lilianza kunipotea. Nilikuwa fundi cherehani wa kutembea: cherehani kwenye keria ya baiskeli, leo gulio la Malolo, kesho kutwa Nambilanje. Shule niliishia darasa la pili, lakini nusu ya Ruangwa wamevaa mikono yangu. Sasa mtoto wa jicho akaingia macho yote mawili. Nikamshonea mwalimu suruali, mfuko ukaangukia gotini. Baiskeli nayo nikaiingiza kwenye mihogo ya watu iliyoanikwa.

Mke wangu akasema, "Baba, uza hicho cherehani tununue mbuzi. Mbuzi hatungwi uzi."

Nilinuna wiki nzima.

Mwaka 2004 madaktari wakafika Nachingwea kupasua macho. Daktari akanieleza kwamba atatoa ule ukungu, aweke kilenzi ndani ya jicho. "Wakulima wote nawawekea cha kuona mbali, Mzee. Kwa karibu utavaa miwani."

"Miwani inadondoka nikiinamia cherehani. Hakuna cha mbali na karibu pamoja?"

"Kipo. Nimewawekea watu Dar es Salaam. Wengine wananishukuru mpaka leo. Mmoja alirudi kunigombeza, eti usiku kila taa imevaa pete. Ila huku sikuja nacho."

"Sasa macho si mawili? Hili lipe baiskeli, hili lipe sindano!"

Alicheka mpaka nesi akachungulia. "Mzee, nani kakufundisha? Hilo linafanyika kweli! Ila wengine wanapata kizunguzungu."

"Nimebeba cherehani kwenye mchanga wa Mbwemkuru, juani. Kizunguzungu nakijua."

Akaanza na la sindano. Bandeji ilipotoka, alikuwa ameniinamia. Nikamwambia, "Daktari, koti lako limeshonwa vibaya begani. Livue." Nikalirekebisha pale pale kitandani, uzi nimetunga mwenyewe!

La baiskeli likafuata safari yao ya pili. Hapo ndipo vituko vilipoanza. Nikitaka jicho moja, nafumba jingine. Gulioni kila mama aliyeleta kitenge nilimfumbia jicho nikitunga uzi. Habari zikafika nyumbani kabla ya baiskeli.

"Kumbe daktari kakuwekea macho ya kukonyezea wanawake!" akasema mke wangu.

"Nafumba la baiskeli, mama, nione sindano."

"Na mimi nifumbie basi, nione."

Nikamfumbia. Alicheka mpaka akakaa chini, kanga mdomoni. Habari ya kuuza cherehani ikaishia hapo.

Siku zilivyokwenda macho yakazoeana yenyewe. Sifumbi tena, ila kwake.

Leo nina nyumba ya bati. Nina vyerehani viwili, baiskeli ile ile, shamba la mikorosho, mke yule yule, jicho la mbali na jicho la karibu. Mbuzi sina.