Tulivyomcheka Tomi

Usiku ule nililala mbavu zikiniuma kwa kucheka. Nasema hivi kwa aibu, lakini ndio ukweli. Nilijifunika blanketi nikawa nacheka peke yangu gizani, nikikumbuka jinsi Tomi alivyokimbia mchana baada ya kuogeshwa, na usingizi ukanichukua kabla sijamaliza kucheka.

Tomi alikuwa mbwa wa Babu. Babu yetu, Mzee Yohana, kwa miaka mingi alikuwa mhudumu wa josho la kijiji, ile kazi ya kuswaga ng'ombe watumbukie kwenye maji ya dawa ili kupe wafe. Kila mwisho wa mwezi alimwogesha na Tomi hapa nyumbani, kwa dawa hiyohiyo, kando ya pipa lililokatwa nusu. Kwanza sabuni ya mche, halafu maji safi, na mwisho maji ya dawa, ambayo hayasuuzwi, yanaachwa yakaukie mwilini. Kifuniko kimoja kidogo cha dawa kwa pipa, basi. Kupima ilikuwa kazi yake peke yake. Sisi wengine tulikuwa wa kumshika mbwa na kurukiwa maji.

Babu alifariki miezi minne kabla ya usiku ule. Maneno yake ya mwisho kwangu hayakuwa ya shamba wala ya nyumba. Alisema, "Tomi nakuachia wewe." Nikasema sawa, Babu.

Kuna jambo jingine lazima niliseme, hata kama linaniuma. Kaka yangu Festo wakati huo alikuwa akifanya kazi mbali, kwenye mashamba ya chai. Babu alizidiwa siku ya Jumatano, nami sikumpigia simu Festo. Nilijiambia nisimtie hofu bure, labda mzee ataamka. Ijumaa akaja mwenyewe, na mkate na machungwa ya mgonjwa mkononi, akakuta turubai limeshafungwa na wanawake wanalia. Aliniangalia mara moja tu. Alirudi kuishi hapa nyumbani moja kwa moja, lakini tangu siku ile hatukusemeshana tena. Maneno tuliyapitishia kwa Mama, hata tukiwa tumekaa meza moja.

"Mama, mwambie dada anipe chumvi."

"Mama, mwambie huyo kaka chumvi iko mbele ya pua yake."

Mama alikuwa akisema, "Nyie watoto mtanizika kabla ya siku zangu," na chumvi akaipitisha.

Basi siku hiyo nikaamua Tomi aogeshwe, maana tangu Babu aondoke hakuna aliyemgusa, na kupe walikuwa wamemjaa masikioni. Nikajaza pipa maji, nikatia dawa, nikaenda kwa jirani kuazima kamba. Niliporudi nikamwona Festo ametoka shambani, amesimama karibu na pipa anafuta jembe lake. Aliponiona akazunguka nyuma ya nyumba. Nami nikatazama pembeni, kama kawaida yetu. Maji yalikuwa meupe kuliko nilivyozoea kuyaona, ila sikuyawazia. Mama akamshika Tomi, mimi nikamwogesha.

Kila mtu hapa kwetu alijua vituko vya Tomi akishaoga. Kwanza anajikung'uta mpaka anataka kuanguka. Halafu anakimbia, mkia katikati ya miguu, masikio yamelala nyuma, anazunguka nyumba kama kaona jini. Kisha anajibiringisha kwenye majivu ya jikoni mpaka uwe umeosha bure. Mwisho analala, na hapo hata umwite kwa nyama haamki. Babu alikuwa akimcheka mpaka kofia inamdondoka. Alisema mbwa ukimwosha umemnyang'anya harufu yake, na anakimbia huku na huku kuitafuta.

Siku hiyo alipita kiasi. Alizunguka nyumba sijui mara ngapi, akajigonga kwenye banda la kuni, akaanguka, akainuka, akakimbia kinyumenyume, akaingiza kichwa kwenye kapu la kuku. Tulicheka tukalia. Nikampiga picha ya video, nikaituma kwenye kundi la ukoo, na shangazi zangu wakajibu kwa vicheko mpaka simu ikaisha chaji. Hata Festo nilimsikia akicheka nyuma ya nyumba. Nikalala nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu msiba.

Ndipo Babu akaja.

Hakugonga mlango. Nilikuwa uani, ni mchana, na Tomi anakimbia. Nilijua kabisa kwamba hili limeshatokea, lakini linatokea tena, na watu ni wengi zaidi: Mama, majirani, shangazi zangu wote wamesimama ukutani, vinywa wazi, wanacheka. Sisikii sauti yoyote. Mabega yanatikisika, machozi yanawatoka, na uani kote ni kimya. Ninachosikia ni kucha za Tomi tu kwenye udongo.

Nami nacheka. Nataka kuacha, siwezi. Nabana mdomo kwa viganja viwili na kicheko kinatoka puani.

Babu amesimama katikati yetu na mabuti yake ya mpira, suruali mguu mmoja umechomekwa ndani na mwingine uko nje, vilevile alivyokuwa akitoka josho. Sikushangaa kumwona. Kilichonishtua ni uso wake. Babu hacheki. Mtu aliyekuwa akicheka vituko hivi kuliko sisi sote anamfuata Tomi kwa macho, mzunguko baada ya mzunguko, na midomo yake inacheza kana kwamba anahesabu.

Nikataka kumwamkia. "Shikamoo" ikatoka kama kicheko.

Halafu si uani tena. Tuko josho. Ule mfereji mrefu wa saruji uko mbele yetu, ng'ombe wamepanga foleni wamenyamaza, na maji ndani yake ni meupe, meupe kabisa, ni maziwa. Babu anachutama ukingoni. Anaingiza mkono. Unazama mpaka kiwiko, na anapoutoa umebaki mweupe, na weupe hauchuruziki. Ananinyooshea nione. Anauleta karibu na pua yangu. Nasikia harufu ile ya dawa, kali, inaingia mpaka nyuma ya macho, na kicheko changu kinakatika.

Tomi bado anakimbia. Anakimbia juu ya maji meupe, anazunguka, anazunguka, na kila akipita mbele yetu amekuwa mdogo zaidi.

Babu akasema, "Mbona halali?"

Sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote, ya kuuliza mtu ameweka wapi panga. Nikataka kumwambia, Babu, atalala, ngoja ajibiringishe kwanza. Lakini nikakumbuka, ndani ya ndoto hiyohiyo nikakumbuka, kwamba sikumwona Tomi akijibiringisha kwenye majivu. Sikumwona akilala. Tulimcheka, tukachoka sisi, tukaingia ndani kula, na yeye tukamwacha akiwa bado anazunguka.

"Babu, nimefanya nini?"

Anainuka. Anafuta mkono kwenye suruali, na weupe haufutiki. Ananitazama kwa huruma, na huruma hiyo ilinitisha kuliko kama angenigombeza.

"Muulize kaka yako."

"Nimuulize nini?"

Ameshageuka. Anawafungulia ng'ombe lango, na ng'ombe wa kwanza anaruka majini. Maji yale yakanirukia usoni, ya baridi, nikaamka nikipiga kelele.

Jogoo walikuwa wakiwika. Uso wangu ulikuwa umelowa kweli, kwa machozi. Sikuvaa viatu. Nilitoka mbio na khanga moja, nikamkuta Tomi ameegemea banda la kuni, amesimama. Alikuwa hajalala usiku kucha. Udenda ulimtiririka mpaka chini, ngozi ya mgongo ilikuwa ikirukaruka, na miguu ya nyuma ilikuwa ikitetemeka kwa namna ambayo sijawahi kuiona kwa mnyama. Alijaribu kunitingishia mkia akaanguka.

Yule niliyeachiwa mkononi anakufa mbele yangu, na jana nilimpiga picha watu wacheke.

Nikaenda kugonga mlango wa Festo kwa ngumi zote mbili. Akafungua, macho mazito.

"Babu kasema nikuulize," nikamwambia. Yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia tangu msiba.

Akanitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. "Uniulize nini?"

"Sijui! Tomi anakufa, Festo, njoo."

Alinipita akakimbia. Akapiga magoti, akamnusa mbwa shingoni, akainua kichwa. "Ulimwogesha na nini?"

"Maji ya dawa tu. Nilitia kifuniko kimoja, kama Babu."

"Ulitia wewe?"

"Nilitia kabla sijaenda kuazima kamba."

Festo akashika kichwa kwa mikono miwili. Midomo ilikuwa ikimcheza. "Na mimi nilitia," akasema. "Nilikuta pipa lina maji, nikajua hujui vipimo. Nikasema nitie mimi, ili… nilitia kile kifuniko kikubwa cha dumu, dada. Nilijaza."

Tukatazamana. Hatua kumi tulipishana jana kwenye pipa lile. Hata neno moja, hata "nimeshatia", lingetosha.

Mama akatoka, akaona, akaenda kumpigia simu bwana mifugo bila kuuliza kitu. Mimi na Festo tukamwosha Tomi upya, sabuni na maji, sabuni na maji, ndoo baada ya ndoo, mpaka vidole vikafa ganzi. Hakupinga. Hakujikung'uta. Kuona mbwa ametulia majini, Tomi huyu ambaye zamani ilibidi tumshike watatu, kulinitoa machozi upya. Bwana mifugo alifika na pikipiki kabla jua halijatoka, akamdunga sindano, akampima mapigo, akamdunga ya pili.

"Pipa moja, watu wawili," akasema akifunga mkoba wake. "Kwani hamna midomo? Mngengoja mmalize chai mngekuwa mnachimba shimo."

Mama akamlipa.

Jua lilipopanda kutetemeka kulipungua, udenda ukakata. Tomi akalaza kichwa chini, akapumua kwa nguvu mara moja, akafumba macho. Niliweka kiganja ubavuni pake kwa hofu. Mbavu zilikuwa zikipanda na kushuka, taratibu. Alikuwa amelala. Ndipo Festo naye akakaa chini, kwenye tope, shati limelowa lote.

Kisha akaniuliza, bila kunitazama, Babu alikuwaje. Nikamweleza: mabuti, suruali mguu mmoja nje, mkono mweupe, na yale maneno mawili aliyoyasema.

"Hakusema kingine?"

"Hakusema."

Akakwangua tope kwenye kidole gumba. "Mimi hajanijia hata siku moja," akasema. "Nalala mapema makusudi. Hajaja."

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka ndotoni. Miezi minne nilidhani kaka yangu ananichukia, kumbe alikuwa akilala mapema akimngoja mtu ambaye mimi ndiye niliyemnyima kumuona. Nikamwambia nilikosa. Nikamwambia ningempigia simu Jumatano ileile asubuhi angemkuta Babu anaongea, na kwamba nalijua hilo kila siku ninapoamka.

Hakusema amenisamehe. Alivuta pumzi, akanisogezea ndoo iliyopinduliwa nikalie, akasema, "Nianzie Jumatano. Usiruke kitu."

Nikaanzia Jumatano.