Mvumo wa Mashine Katika Albamu Yetu ya Pili

Ule mvumo haukuwa sanaa. Ulikuwa mashine ya posho. Chumba tulichorekodia albamu yetu ya pili, hapa Kakamega upande wa Malava, kimetengwa na ukuta wa mabati tu, na ng'ambo ya ukuta huo watu husaga mahindi tangu asubuhi. Tulitundika mablanketi, tukasimamisha magodoro, wapi! Mashine ikiwashwa, gitaa langu la besi lilitetemeka mapajani hata kabla sijaligusa. Mwishowe tulichoka, tukaiacha ivume.

Bendi yetu ni ya roki, ile roki ambayo redio kubwa hazichezi. Tuko watatu: mdogo wangu, ambaye huimba na kupiga gitaa, mimi kwenye besi, na binamu yetu kwenye ngoma. Albamu ya kwanza ilikuwa hasira tupu za ujana na watu waliipenda. Ya pili mdogo wangu aliiandika baada ya mama yetu kufa. Ndani yake kuna wimbo mmoja wa mama, na huo ndio moyo wa kazi nzima. Kabla albamu haijatoka aliniambia kwamba kama hakuna atakayeusikia wimbo huo, yeye na muziki basi, atakwenda Chekalini kulima mahindi na mjomba. Mdogo wangu namjua, hatishi watu ovyo.

Basi wahakiki wakaanza kuandika mtandaoni. Wa kwanza, wa Nairobi, alisema eti mvumo unaopita chini ya nyimbo zote ni uamuzi wa kishujaa, ni kilio cha kizazi kilichosagwa na viwanda. Nilicheka hadi nikakaa chini. Wa pili akasema mvumo huohuo ndio umeiua albamu, kwamba ule moto wa kwanza umezimika na sasa tunajifanya wasomi. Wasomi, sisi! Wa tatu aliusifu kuliko wa kwanza, akatushauri safari ijayo tuuongeze. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini hawa walikuwa wanatueleza mpaka rangi ya kunguni.

Mdogo wangu hakucheka. Alikaa mlangoni pa jikoni na simu yake, akafika mwisho wa kila makala, akarudi juu tena kutafuta kama kuna mstari aliouruka. Wimbo wa mama haukutajwa na yeyote. Hawakuusifu wala hawakuutukana. Nilimwambia wahakiki ni watu tu, wengine husikiliza huku wanakaanga mayai. Akaniuliza, sasa yeye alikuwa anamwimbia nani? Nikamjia juu, nikamwambia aache kudeka. Kumbe hata mimi iliniuma. Nilikuwa nimengoja mtu autaje, hata kwa ubaya.

Wiki hiyohiyo alimpigia mjomba simu kwamba anakuja. Gitaa alilifunga kwa leso ya mama, akalisukuma chini ya kitanda. Siku moja kabla ya safari alinibebea gunia hadi kwa mashine ile, maana hakutaka kuniacha bila unga. Tulipofika mashine ilikuwa imezimwa, mwenyewe anasafisha chujio, na akina mama wamekaa kwenye foleni kando ya ule ukuta wetu wa mabati. Tuliwaamkua mulembe, wakaitikia. Wanatujua vizuri, sisi ndio wale wa kelele.

Mama mmoja muuza mboga, ambaye hajawahi kuninyima utani kuhusu nywele zangu, alisema ameisikia albamu kwa simu ya binti yake. Akataka kujua kwa nini tumemwekea mashine hata kwa simu, kana kwamba hii ya hapa haimtoshi. Foleni yote ilicheka, na mdogo wangu akacheka kidogo. Kisha yule mama akamgeukia.

"Na ule wimbo wa mama yenu, mbona mlikata pale pa ufagio?"

Nilishtuka. Wimbo ule ulikuwa na ubeti wa mwisho, wa mama akifagia uwanja. Mama alifagia akirudi kinyumenyume, ili nyayo zake zisibaki kwenye mchanga, hadi akafika getini. Tuliujaribu ubeti huo sijui mara ngapi. Kila mdogo wangu alipofika getini sauti ilimkatika, hakuwahi kuvuka hapo. Mwishowe tukauondoa wote, na kwenye albamu haumo. Nilidhani ubeti huo tunaujua sisi watatu peke yetu.

Mdogo wangu akaweka gunia chini. Akasema aliutoa kwa sababu alishindwa kuumaliza.

"Si tulikuwa tunasikia," yule mama akamjibu. "Ukinyamazanga hapo kwa geti, sisi huku tulikuwa tunakumalizia."

Sauti yetu ilipitia spika, yao ilimezwa na mashine siku zile zote, ndiyo maana hatukuwahi kuwasikia. Mdogo wangu akauliza, kwa sauti ndogo, walikuwa wanamaliza vipi, maana maneno ya mbele hakuwahi kuyaimba. Wakatazamana kwa aibu kidogo. Halafu yule mama akaanzisha, wenzake wakampokea, kwa mahadhi yaleyale ya wimbo wetu:

"Ufagio nimeweka, uwanja ni safi. Watoto wangu, ingieni ndani."

Mdogo wangu aliketi juu ya gunia letu la mahindi akalia waziwazi mbele ya watu, na mimi nilisimama pale nikilia naye. Mwenye mashine, ambaye alikuwa amezama katika kazi yake, alirudisha chujio mahali pake na kushika mkono wa kuwashia. Mdogo wangu akamwinulia kiganja.

"Ngoja kwanza," akasema. "Warudie, nishike maneno."