Mashine Iliyokuwa Ikifa Nikiondoka

Mama mkwe wangu anauza vitambaa vya mapazia Kariakoo, na tangu niolewe na mwanawe hajawahi kuamini kwamba nina kazi. Ninatengeneza programu za kompyuta, na ninazitengenezea nyumbani Buguruni, chumba cha mbele, dirisha likitazama mafundi wanaogonga mabati kutwa nzima. Kwa mama mkwe, mtu aliye nyumbani yuko nyumbani tu. Akinipigia simu saa tano asubuhi huanza kwa kusema, "Samahani mwanangu, sijui kama nimekuamsha."

Alichotaka ni kimoja: niache kubofyabofya, nikasimame naye dukani. Sababu aliyoitoa ni magoti. Yalikuwa magoti ya ajabu, maana yalimuuma zaidi nikiwa karibu. Mada hiyo ilipoanza, mume wangu alikumbuka kuwa kuna mtu anapaswa kumpigia simu, akatoka nje. Mimi nikabaki natabasamu kama mkwe aliyelelewa vizuri, huku ndani nafoka. Naipenda kazi yangu, nami sikuwa tayari kuiacha nikapime mapazia.

Sasa, mwaka niliochumbiwa nilikuwa nimemwandikia programu ya duka. Sikukosa hila: nilitaka anipende. Programu ile inajua kila jora lililopo dukani, mita ngapi zimekatwa, zimebaki ngapi, kisha inachapa risiti. Iliishi kwenye kompyuta nzee iliyovishwa kitambaa cha pazia chenye maua, na ilifanya kazi miaka yote bila kikohozi. Kompyuta ile ilipokata roho, mume wangu akaleta nyingine. Hii ilikuwa na mfumo endeshi tofauti, yaani ile programu kubwa inayoiendesha kompyuta nzima, na programu iliyozaliwa kwenye mfumo mmoja huwezi kuibeba tu ukaitupia kwenye mwingine. Ni kama kumpeleka mpangaji nyumba mpya usiku: anatafuta swichi ukutani pale ilipokuwa zamani, anajigonga.

Yangu ilijigonga kila mahali. Ilitafuta printa kwa jina ambalo mfumo mpya haulijui, ikaanguka. Iliomba aina ya herufi ambayo haipo, ikaanguka. Nilikaa nayo nyumbani nikairekebisha kipande kwa kipande, na kila ilipoanguka ilipungua sababu moja ya kuanguka. Mwisho ikasimama. Niliiwasha, nikaiacha inafanya kazi siku kadhaa mfululizo, haikutetereka. Nikaipeleka dukani kichwa kimevimba.

Kesho yake simu ikalia. "Mashine yako imekufa."

Nilikwenda mbio. Nilipofika, mama akaiwasha, ikawaka. Nikauza nayo, nikakata, nikachapa, haina neno. Nikakaa hadi mchana naitazama, inanitazama. Nikarudi nyumbani. Kesho yake simu ikalia tena.

Mchezo huo ulijirudia hadi mtaa mzima ukaujua. Nikiwepo, mashine ina adabu. Nikiondoka, siku inayofuata asubuhi inakufa. Mama mkwe alilipokea jambo hili kwa furaha ambayo hakujisumbua kuificha. "Unaona?" akasema akiwa ameshika futi yake ya kupimia vitambaa iliyoning'inia shingoni. "Duka linakutaka. Mimi nimesema nikachoka, sasa limesema lenyewe."

Hapo ndipo tukawekeana ahadi. Desemba ilikuwa inakaribia, na mama, kama wenzake wengi wa kutoka Kilimanjaro, hafanyi Krismasi mjini. Alisema mashine ikimaliza wiki nzima bila kufa kabla hajapanda basi la Moshi, hatanitamkia tena neno la kuja dukani maisha yake yote. Ikishindwa, Januari nafunga laptopu yangu nachukua futi. Mume wangu alikuwepo tulipokubaliana, kisha akakumbuka simu.

Nikaanza kuwinda hitilafu. Programu inapoanguka huacha maneno machache ya mwisho, na hii kila mara iliacha yaleyale: muda ni hasi. Kila baada ya dakika chache huwa inahifadhi kazi, na kabla ya kuhifadhi hupima muda uliopita tangu ilipohifadhi mara ya mwisho. Ilikuwa inapima na kupata muda ulio chini ya sifuri. Yaani kwa hesabu zake, sasa ilikuwa imekuja kabla ya zamani. Nilipoiandika sikuwaza kwamba saa inaweza kurudi nyuma, kwa hiyo ilipokutana na kioja hicho ilijilaza chini na kufa.

Nikatazama saa ya kompyuta. Kweli, haikuwa sawa. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua la Kariakoo limeshapamba moto, na kioo kinaandika 04:10, alfajiri. Nikaiweka sawa, 10:10, nikaondoka. Nilipoitwa tena nikaikuta imerudi kulekule nyuma. Nikaisahihisha, nikaondoka, nikaitwa. Nikasema ni betri, ile ndogo ya duara inayotunza saa kompyuta ikiwa imezimwa. Nikaenda kwenye maduka ya vipuri ya mtaa wa Gerezani nikatafuta mpya, nikaibadilisha. Haikusaidia. Nikasoma kwamba mifumo miwili ikikosa kuelewana kuhusu saa huwa inatofautiana kwa saa tatu, ile tofauti yetu na Uingereza. Lakini hii ilitofautiana kwa saa sita kamili. Nikapiga hesabu, nikaona mashine ya mama mkwe inaamini kwamba iko Brazili. Nikatumia siku nzima kutafuta ni wapi katika programu yangu nimeitaja Brazili.

Siku zilikuwa zinayoyoma, na ndipo wazo baya likaniingia. Mashine hufa siku moja baada ya mimi kuondoka. Nani anabaki nayo? Nani anataka ife? Mama mkwe alikuwa ananihujumu, tena huku akinimiminia chai.

Siku iliyofuata sikungoja simu. Nilifika Kariakoo mapema, nikazungukia nyuma, nikaingia kwa mzee anayeuza vifungo na zipu mkabala na duka la mama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona unanyata? Unamkwepa nani?"

"Simkwepi mtu. Namchungulia mama mkwe."

Mzee alisogeza kigoda nyuma ya zipu zilizoning'inia, akanifanyia nafasi, akaketi upande wa pili na yeye achungulie.

Mama alifungua duka, akafagia, akaiwasha kompyuta. Akamkatia mteja kitambaa, akamchapia risiti. Mashine nzima kabisa. Akamimina chai kutoka kwenye chupa, akanywa amesimama, anatazama njia. Nilitazama magoti yake, yalikuwa imara kuliko yangu. Kisha akavaa miwani, akainamia kioo, akakunja uso. Akatazama saa yake ya mkononi. Akatazama kioo. Akachukua kipanya, na kwa uangalifu wa mtu anayetoa mwiba mguuni kwa mtoto akabofya pale kwenye kona, akaandika kitu, akabofya tena. Akarudi nyuma hatua moja, ameridhika. Baada ya muda mfupi akaipiga kompyuta kofi la ubavuni, akatoa simu.

Simu yangu ikaita katikati ya zipu. Mzee wa vifungo akacheka mpaka akashika ukuta.

Nikavuka njia. "Mama, umefanya nini kwenye saa?"

Hakushtuka hata kidogo. "Nimeirekebisha. Mashine yenu hii ina kiburi. Naiweka saa vizuri, ukija tu inaharibika. Leo inaniambia saa kumi na dakika tano. Saa kumi asubuhi, umeona wapi?"

"Hiyo ndiyo sahihi, mama. Kompyuta inahesabu hivyo."

"Inahesabu kwa ajili ya nani? Duka nimefungua saa mbili. Nimekunywa chai. Sasa ni saa nne. Muulize mtu yeyote."

Kijana wa mkokoteni alikuwa anapita na majora. Nikamuuliza, "Kaka, saa ngapi?"

"Saa nne na robo, sista, nipishe."

Mama akanitazama juu ya miwani. Mimi niliyezaliwa nikihesabu saa moja tangu jua linapochomoza, nilikuwa nimeona 04:10 na kuwaza Brazili. Aliiweka kompyuta ya zamani saa yake siku ya kwanza, ikakaa hivyo miaka yote, na risiti zote zikatoka na saa ya Kiswahili bila mteja kushangaa. Sikuwahi kuona kwa sababu wakati ule nilikuwa mkwe mpya, nikiingia dukani natazama sakafu. Hii mpya yeye alikuwa anaisahihisha na mimi nikija naisahihisha, mwanzoni bila kujua, maana nilikuwa naiunganisha na intaneti ya simu yangu nayo inajiwekea saa yenyewe, na kila aliporudisha saa nyuma programu ikiwa wazi, aliiua. Siku zote zile nilikuwa naitengeneza ili kesho yake ife.

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, futi mkononi.

"Kwa hiyo mkono wangu ndio uliokuwa unaiua."

"Na wangu, mama."

Nilijua angeweza kusema imekufa, ahadi ni ahadi, na nisingekuwa na pa kukimbilia. "Haya, anza wiki yako upya," akasema. "Siwezi kushinda kwa kuiua mwenyewe. Lakini saa yangu siibadilishi."

Sikumwomba aibadilishe. Niliifundisha programu kutokufa kwa mshtuko inapouona muda umerudi nyuma. Kisha nikaichorea saa yake yenyewe, kubwa, juu ya kioo, inayohesabu kama mama anavyohesabu, na risiti nazo zikafuata saa hiyo. Ile ya kwenye kona nikaiacha iamini inachotaka. Wiki ikapita, kisha nyingine. Mama akapanda basi la Moshi, na stendi akaniambia, mbele ya mume wangu, kwamba nimeshinda na hatanitamkia tena.

Hakunitamkia. Alirudi Januari, na zile simu za asubuhi zikakoma. Nilifanya kazi kwa raha kama wiki mbili, halafu nikajikuta naitazama simu inapofika saa tano.

Jumatatu moja ikalia. "Njoo, mwanangu. Mashine imekufa."

Nilikwenda nikiwa na wasiwasi wa kweli, nikipitia programu nzima kichwani ndani ya bajaji. Mlangoni nikapishana na mteja anatoka, kitambaa kwapani, risiti mkononi. Nikamwomba niione. Ilikuwa na joto la printa bado, na saa iliyoandikwa ilikuwa ya dakika ileile.

Ndani, mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Kiti cha pili kilikuwa kimefutwa vumbi, na juu ya meza kulikuwa na vikombe viwili vya chai.

"Imefufuka," akasema. "Imesikia unakuja."

Nilikaa, nikanywa chai. Tangu siku hiyo mashine hufa kila Jumatatu saa nne, nami huenda. Hitilafu hiyo sijajaribu kuirekebisha.