Nilivunja rekodi ya mwenyekiti wangu kwenye mashine ya gemu, kikao kikanimaliza

Wakuu, habari za mchana. Mlio kazini jifanyeni mnasoma barua, mje huku.

Ninayoyaleta yalinikuta mwenyewe, Dodoma, miaka ya tisini. Sipunguzi wala siongezi. Anayetaka chai aende uzi wa jirani.

Biashara huria ndiyo kwanza ilikuwa imetufikia, na kila mtu analeta chake. Mama Sechelela, mwenye kantini nyuma ya ofisi yetu, akaleta mashine ya gemu. Kubwa kama kabati la nguo.

Unatumbukiza sarafu, unapewa ndege tatu za angani. Vidude vinashuka kwa mistari kutoka juu, unavipiga risasi mpaka vikumalize. Maana havishindwi, wakuu. Ukimaliza kundi hili linakuja jingine lenye haraka zaidi. Nadhani ndiyo maana sisi watumishi tuliipenda.

Tatizo likawa moja. Mashine ilitunza high score, yaani majina na alama za walioongoza, mpaka umeme ukatike. Na umeme wa wakati ule mnaujua.

Ukikatika, majina yote yanafutika, na ubishi unaanza. Fulani alipata ngapi, nani aliona. Watu wakafikia kununiana ofisini.

Kwingine watu wangebishana wakachoka. Sisi tukaunda kamati.

Mwenyekiti: Mzee Chitema, afisa tawala, mtu wa kaunda suti. Mjumbe: Rehema, mpiga chapa. Katibu: mimi, karani wa masijala.

Kanuni niliziandika mimi, kwa mkono wangu. Kanuni ya nne ndiyo niliyojivunia zaidi: rekodi haitakuwa halali mpaka wajumbe wote watatu waione kwenye kioo cha mashine, wakiwa katika kikao kilichofunguliwa rasmi. Rehema akaipiga chapa, tukaibandika ukutani.

Rekodi ya kwanza kuthibitishwa ikawa ya Mwenyekiti mwenyewe, 41,300. Ilikaa mwaka mzima. Mzee alikuwa haachi nafasi ya kujisifu. Ukichelewesha faili anakwambia, "Mikono yako ingekuwa kama yangu kule kantini, tungefika mbali."

Niseme ukweli, nilitaka kumshinda yule mzee kuliko nilivyotaka kupandishwa cheo. Kazi yangu ilikuwa kubeba mafaili yenye majina ya watu. Nilitaka sehemu moja tu duniani ambapo jina langu liko juu.

Jumamosi moja, baada ya saa za kazi, ikatokea. Nilipiga mpaka kidole kikafa ganzi. Ndege ya mwisho ilipolipuka, kioo kikasoma 52,870.

Rehema alikuwa amesimama pembeni. "Katibu, umeua!" Mama Sechelela akapiga kigelegele.

Mimi nikaweka herufi tatu za jina langu, machozi yananilenga. Mtu mzima, kwa ajili ya gemu.

Halafu nikakumbuka kanuni ya nne.

Mwenyekiti yuko Mkonze, kwenye shamba lake la zabibu. Nikaazima baiskeli. Rehema akabaki analinda plagi, na Mama Sechelela akazima friji bila kuombwa, waya usije ukaelemewa. "Soda zipate joto tu, mwanangu. Rekodi ibaki."

Nikafika Mkonze vumbi hadi kwenye kope.

"Shikamoo Mwenyekiti."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Rekodi yako imevunjwa, mzee."

"Na nani?"

"Na mimi."

Akakata kwanza tawi alilokuwa ameshika. Kisha akaenda kunawa, akarudi amevaa kaunda suti. Kikao, akasema, hakiendeshwi kwa nguo za shamba.

Hakuwa na usafiri. Kwa hiyo wakuu, nilimpakia kwenye keria. Njia nzima nanyonga baiskeli dhidi ya upepo, nimembeba mtu ninayekwenda kumvua ubingwa, naye ananiambia nikwepe mashimo.

Tukakuta umeme upo. Nikashukuru Mungu.

"Mbukwenyi!" Mzee akasalimia kantini nzima kwa Kigogo, wakaitikia. Akavuta kiti, akakaa akiipa mashine mgongo.

Akafungua kikao. Sala ya Kikristo akasali mwenyewe, ndefu. Rehema akaomba dua ya Kiislamu. Akidi ikahesabiwa, watu watatu ambao tunaonana.

Nikasema, "Mwenyekiti, kwa heshima, tungetazama kioo kwanza."

"Katibu, unataka kuruka ajenda?"

Tukasoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Akasahihisha mkato mmoja. Tukaingia yatokanayo: suala la kiti cha wachezaji, ambacho mguu wake ulikuwa unacheza. Akataka maoni ya kila mjumbe.

Katikati ya maoni ya Rehema, umeme ukakatika.

Mzee akafunua karatasi yake taratibu. "Ajenda ya nne. Uthibitisho wa rekodi. Ushahidi uko wapi?"

Kioo cheusi.

"Mjumbe, wewe uliona?"

"Niliona Mwenyekiti," Rehema akajibu, "lakini muda huo kikao kilikuwa hakijafunguliwa."

Moyo ukaniuma, siwafichi.

Tulipotoka nje Mzee akanishika bega. "52,870. Niliiona nilipoingia mlangoni. Umepiga vizuri sana, mwanangu. Lakini kanuni ni zako."

Kumbukumbu za kikao kile niliziandika mimi. "Rekodi ya 41,300 inaendelea kutambulika." Nikasaini kama katibu.

Nilicheza tena miezi na miezi, sikufika hata elfu arobaini. Baadaye Mama Sechelela akaiuza mashine, akanunua friji la pili.

Nilichojifunza: ukipewa kalamu ya kutunga kanuni, usizitunge kwa ajili ya wenzako tu. Siku ikikugeukia hutakuwa na wa kumlalamikia.

Sasa wakuu, hasa mliosoma sheria, nishaurini. Ushahidi wa mke unapokelewa? Rehema nilimuoa mwaka uliofuata. Watoto wakimuuliza kama kweli baba yao alimshinda Mzee Chitema, anaendelea kuchambua mchele na kuwajibu kwamba kikao hakikuthibitisha.