Mnaouliza kama sarafu ya zamani inaoshwa: someni yaliyompata Baba yangu na shilingi ya korongo

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Hii si hekaya ya kutunga. Ni ya kwetu Budalang'i, na sijatia chumvi hata punje. Nimechokozwa na jamaa aliyeuliza hapa juzi kama sarafu ya zamani inaweza kung'arishwa na dawa ya meno.

Ndugu, acha. Weka chini. Soma kwanza.

Mimi ni dada, clearing agent hapa mpakani Malaba. Kazi yangu ni kugombana na madereva mchana kutwa. Mambo ya sarafu nilirithi kwa Baba, aliyeendesha lori la Kampala mpaka macho yakamkataa.

Alikuwa na shilingi chache za Uganda za miaka ya sitini, zile za nikeli zenye korongo mwenye taji. Ziliwekwa kwa mkebe wa maziwa ya mtoto, kila moja kwa kitambaa chake. Hazikuwahi kununua hata kibiriti.

Asiyejua anaona chuma tu. Baba alinifundisha kushika ukingo peke yake. Uso wa sarafu huugusi, hata kama wewe ni nani. Halafu unaiinamisha pole pole kwa jua.

Kama bado ina luster, ule mng'ao wake wa kiwandani, mwanga unatembea. Unamzunguka yule ndege kama spoki za baiskeli.

Kisha unaangalia strike, yaani mhuri ulipiga sawasawa ama ulilegea. Kwa ile yake bora, kila unyoya wa taji ulikuwa umesimama. Mimi nilikuwa naitazama mpaka mama ananiita mvivu.

Sasa sikizeni.

Baba ana presha ya macho. Jicho la kushoto lilienda zamani. La kulia lilibaki na kidirisha kidogo tu, na daktari akamwambia ni matone kila siku, bila kukosa, la sivyo hicho nacho kitafungwa.

Mzee alikuwa na kipimo chake. Asubuhi anakaa mlangoni anainamisha shilingi. Ndege hamwoni tena, lakini mwanga ukitembea anasema, "Bado niko." Anaweka matone, anaitisha chai.

Halafu mto Nzoia ukavunja kingo. Wa kwetu mnaijua hiyo story, sina nguvu ya kuieleza.

Mama aliacha godoro, akaacha nguo zake zote, akarudi ndani maji yakiwa kiunoni kuchukua mkebe wa mzee. Nataka mkumbuke hilo kabla hamjaanza kumtukana kwa comments.

Mkebe ulijaa matope. Na kwetu mama wa boma anajulikana kwa sufuria zake. Anazisugua na jivu na mchanga mpaka zinawaka, anazianika nje majirani wazione. Hata kambini walikohamia baada ya mafuriko, akina mama walifanya hivyo. Basi alipomaliza sufuria, akageukia sarafu.

Mimi sikuwepo. Nilipigiwa simu wiki kadhaa baadaye, mama analia.

"Baba yako anasema jicho limekwisha. Amekataa dawa."

Nikaomba ruhusa, nikaenda. Nikampata ndani ya hema, ameipa turubai uso.

"Baba, si unauona huo mlango?"

"Mlango hata kipofu anauona. Shilingi imekataa. Dawa ya nini tena?"

Mama akaniletea mkebe, anatabasamu. "Angalia, nilizitoa matope yote. Hata mpya haziwi hivi."

Wueh!

Zilikuwa nyeupe kama kijiko. Nikainamisha ile ya korongo, mwanga ukakaa pale pale. Uso wote mikwaruzo, na ndege amebaki na upara.

Hapo nikaelewa. Jicho la Baba lilikuwa bado linaona, ila kwa hiyo sarafu hakukuwa na kitu cha kuona tena. Na yeye hangejua, kwa sababu uso hajawahi kuugusa.

Nilimbembeleza arudie matone, akakataa. Kusema ukweli mbele ya mama kulinishinda. Nikaona nitafute nyingine yenye mwanga, ajipime mwenyewe.

Nilizunguka kwa wabadilishaji pesa wote, Malaba na Busia. Wananiletea shilingi zimelambwa na mifuko ya watu mpaka korongo anafanana na kuku. Mwishowe mama mmoja Mganda akaniambia, "Nnyabo, kwa mamangu iko moja. Ngoja niende nyumbani."

Nikangoja. Nilingoja miezi, na Baba bado bila matone.

Ilipokuja nikaiinamisha hapo kati ya malori, na mwanga ukazunguka. Nililia madereva wakiniona, sikujali.

Nikampelekea Baba. Akaishika ukingo, akainua kwa jua, akainamisha. Akarudia. Akarudia tena.

Hakuna.

Ndipo akafanya kitu sijawahi kumwona akifanya. Akaweka kidole gumba juu ya uso wa sarafu, akapapasa taji la ndege.

"Hii ina manyoya," akasema. "Nipe yangu."

Nikampa. Akapapasa ule upara kwa muda mrefu.

"Mama yako alisugua?"

Nikasema ndiyo.

"Kwa hivyo nilikuwa naona."

Nje tulisikia mama akisugua sufuria. Baba akanirudishia zote mbili, akanisukumia na mkebe wote.

"Asijue," akasema. "Aliingia kwa maji."

Basi wakuu, somo ndilo hilo. Sarafu ya zamani haisuguliwi: si jivu, si dawa ya meno, si ndimu. Iache na weusi wake. Na mzee wako akikwambia jicho limekwisha, mpeleke hospitali wakapime wao.

Kama kwenu mna sarafu za mzee, niambieni hapa alizishika vipi. Wa kuuliza bei, piteni tu.

Mama bado huniuliza kama natunza zile alizong'arisha. Namwambia zinang'aa.